Jiwe Tupu Juu ya Mlango wa Nyumba ya Mapadri

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, siku mama yangu alipoketi kwenye mlango wa nyumba ya mapadri akamkatalia askofu kuingia. Nitakusimulia yote, lakini univumilie. Leo nina hasira, na mtu wa umri wangu akiwa na hasira huanza habari katikati.

Hasira yenyewe imeletwa na mjukuu wangu Njeru, mwalimu anayeishi mtaa wa Dallas, pale Embu mjini. Jumamosi alikuja kunisalimu akiwa na furaha tele. Nyumba yetu ya zamani ya mapadri, hapa juu ya Manyatta, inakarabatiwa, na yeye amechaguliwa kusoma historia yake siku ya kufunguliwa. Akanisomea. Historia yote ilikuwa ya mtu mmoja: eti Fada Yosefu alijenga nyumba hii kwa mikono yake. Halafu akaniambia kwamba Jumatatu fundi atachonga maneno kwenye lile jiwe la juu ya mlango: jina la Fada, chini yake jina la mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, na chini kabisa jina la mheshimiwa aliyeleta rangi. Rangi, mwanangu! Mtu ameleta mikebe ya rangi ya machungwa kuja kupaka mawe yaliyochongwa, na sasa anataka kuitwa mjenzi.

Nilimwambia Njeru aweke kikombe chini anisikilize.

Kama hujafika kwetu, nyumba ile huwezi kuikosa. Ukuta wa mbele unapanda hadi juu ya paa, kisha unateremka pande zote mbili kwa mikunjo, kama shuka iliyoanikwa. Madirisha ya chini ni madogo, ya juu ni marefu, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala dirishani. Vyumba vya chini havina mbao darini. Dari ni mawe matupu yaliyopangwa kwa mviringo kuwa tao, na ukiimba humo sauti inakuzunguka. Fada Yosefu alitoka nchi ya Wacheki, na hiyo ndiyo sura ya nyumba ya mapadri ya mji wake. Alikuwa na picha yake ukutani kibandani mwake. Alituambia kwamba ya kwao iliwahi kuteketea vitani, ikajengwa upya kwa mtindo huo wa mikunjo unaoitwa baroko, na imesimama mamia ya miaka. Alitaka kuzeekea ndani ya nyumba inayofanana nayo. Simlaumu. Hata mimi nikipelekwa mbali ningetaka kuona migomba.

Lakini mawe hayakutembea yenyewe kutoka mtoni. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, wanaume wetu wengi wakiwa kizuizini, kwa hiyo kazi ilituangukia sisi wanawake. Tulibeba mawe mgongoni kutoka mto Rupingazi, kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Nilikuwa msichana, nikibeba mchanga nyuma ya mama. Shika hapa kichwani kwangu, utausikia mfereji wa ukanda ule. Dari ya tao ilipowekwa mara ya kwanza ilianguka, ikamvunja mwenzetu Igoki mkono, na mkono ule haukunyooka tena. Alirudi akabeba kwa upande mmoja.

Sasa, kwetu Embu mtu akijengewa nyumba, yeye hupika. Waliojenga hula kwanza, ndipo mwenyewe anaingia na kuwasha moto wake. Haijalishi ni tajiri au maskini, hata kama ni uji tu. Siku ya kufungua tulifika tumeoga, tumejipaka mafuta. Tukakuta meza za wageni chini ya turubai, na sisi tukaambiwa tusimame nje ya ua, tuimbe magari yakiingia. Hakukuwa na sufuria yetu popote. Askofu akasoma hotuba, akamshukuru Mungu, akamshukuru Fada, akawashukuru watu wa ng'ambo waliotoa sadaka, halafu akaelekea mlangoni.

Mama yangu, Rwamba, alipita katikati ya wageni, akaenda akaketi pale mlangoni, miguu ameinyoosha. Ireri, katekista wetu, alimkimbilia jasho likimtoka.

"Rwamba, toka hapo! Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Aibu ni ya nani, Ireri? Nyumba imeisha na waliojenga hawajala."

Wenzake wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wakaketi kwenye ngazi mpaka ngazi ikajaa. Fada Yosefu akauliza kuna nini. Mama akamwambia Ireri, "Muulize hivi. Ile nyumba ya kwao ya kwenye picha, ni nani walibeba mawe yake?"

Ireri akatafsiri. Fada aligeuka kuitazama nyumba. Uso wake ulikuwa mwekundu, ukazidi. Mwishowe akasema neno fupi.

"Anasema hajui," Ireri akasema. "Anajua tu askofu aliyeijenga, kwa sababu ngao yake imechongwa juu ya mlango."

"Basi mwambie wale wa kwao walishapotea," mama akasema. "Sisi hatujapotea. Tuko hapa, atusikie."

Akasimama, akataja jina lake na la baba yake. Akafuata Igoki, akiushika ule mkono. Akafuata Wawira, na Ciarunji, na wengine wote. Fada alivua kofia, akasimama juani mpaka wa mwisho akamaliza. Halafu akawaelekeza wapishi, chakula cha wageni kikaletwa kwetu, na askofu akangoja. Alingoja, mwanangu, na hakufa.

Fundi alipouliza achonge nini kwenye lile jiwe la ngao juu ya mlango, Fada alimjibu kwamba majina yale hayawezi kutosha hapo, na kuchagua moja ni kuwaibia wengine. Aliagiza liachwe tupu. Ndiyo maana ni tupu hadi leo. Kamati inadhani fundi alisahau!

Njeru alinisikiliza, kisha akaniita bibi kwa lugha yetu, "Lakini Cucu, hao wamama hakuna mwenye anawajua siku hizi. Na hiyo maneno kamati ilishapitisha."

"Mimi nawajua. Na kamati haikubeba hata kokoto."

Aliikunja karatasi yake, akaikunjua. Halafu akasema, "Cucu, nitajie pole pole," akageuza karatasi upande usioandikwa. Nilitaja wote ninaowakumbuka. Wawili sura zao zilinijia na majina yakakataa, na hapo ndipo nililia, si kwa uzee bali kwa uchungu.

Mwanangu, nakuambia na wewe. Ukiambiwa fulani alijenga, uliza nani alibeba. Ukipewa kipaza sauti mbele ya watu, usisome tu ulichopewa. Na kama huwezi kumtaja kila aliyefanya kazi, basi usimweke mmoja akae juu ya migongo ya wengine. Njeru amesema Jumatatu atamzuia fundi mlangoni, kamati ikasirike inavyotaka. Mimi nitakuwa naye, na ole wake atakayepandisha ngazi.

Njoo karibu nikutemee mate ya baraka kifuani. Ngai, Mungu wetu, akupe nyumba yako. Akupe watu wa kukujengea, na wote wakiketi kula, uweze kumwita kila mmoja kwa jina lake.