Aliyetaka Kugombezwa

"Katuaibisha mbele za watu, na wewe umekaa hapo unapangusa mishale," Onodera alisema. "Narumi, unanisikia au naongea na ukuta?"

Narumi alikuwa anamsikia vizuri. Ukumbi wa klabu ya upinde ulikuwa mtupu mchana ule, kila neno linagonga mbao na kurudi. Yeye ndiye nahodha, Onodera msaidizi wake, wote mwaka wa tatu chuo kikuu pale Sendai. Na aliyewagombanisha ni mtu mmoja, Ilinca, binti wa Kiromania aliyekuja kusoma kwa mwaka mmoja halafu arudi kwao.

Jana yake ofisi ya wanafunzi wa nje iliita kikao, kila mgeni asimame aeleze maisha ya chuo cha Kijapani ameyaonaje. Wa kwanza kasifu treni, wa pili kasifu wali wa kantini, watu wanacheka tu. Ikafika zamu ya Ilinca. Akasema klabuni kwake watu ni wapole mno. Wenzake wa mwaka wa kwanza wanagombezwa toka wanavua viatu mpaka wanavivaa. Yeye akikosea anaambiwa hodari. Wenzake wanapiga magoti kusugua sakafu; yeye akishika kitambaa ananyang'anywa, anapewa mto wa kukalia na kikombe cha chai.

"Sijawahi kuheshimiwa hivi," akasema, "na sijawahi kuwa mpweke hivi."

Walimu wakatazama meza. Hakuna aliyejua kama apige makofi au anyamaze.

Onodera alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ndiyo maana alikuwa anawaka. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka klabu ikakubali kumvunjia Ilinca sheria. Klabuni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hagusi shabaha. Anavuta fimbo iliyofungwa mpira kama upinde, kisha anapiga robota la nyasi kavu lililo hatua chache mbele ya pua yake, hivyo hivyo mpaka Aprili mwaka mpya wa masomo uanze. Ilinca anaondoka Machi. Basi Onodera akapanga siku maalumu: mgeni avae mavazi rasmi ya kuazima, apige shabaha, na picha apigwe. Ilinca kakataa. Tena kasema leo anakuja kurudisha glavu ya klabu, ile ya ngozi ya kuvutia upinde, na ndiyo basi.

"Sasa anataka nini huyu?" Onodera aliuliza. "Nimpige makofi?"

Narumi aliendelea kupangusa mshale. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa limekaa mahali ambapo hapendi kupagusa.

Yeye ni mtoto wa wakulima wa matofaa, kule Aomori kaskazini. Baba yake alifariki wakati wa theluji, mwaka aliokuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo. Tangu siku ya mazishi kijiji kizima kikaanza kumsemesha kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba yai. Mwalimu alimwambia apumzike. Mjomba alimwambia kazi ya shamba aiache. Hata mama yake, aliyekuwa akimfokea kwa kuacha mlango wazi, sasa alikuwa anaufunga mwenyewe kimya kimya. Narumi akaona kama kazikwa na baba yake, ila yeye bado anasikia.

Akaja Sendai, lafudhi yake ya kaskazini ikachekwa, naye akaamua kufunga mdomo. Darasani nyuma kabisa, kantini anakula amegeukia ukuta. Klabuni aliingia kwa sababu tu mtu wa klabu alimvuta mkono getini. Siku ya kwanza, mkubwa mmoja wa mwaka wa nne, Hatakeyama, akamkazia macho. "We mtu wa matofaa, hicho ni kiwiko au mkia wa ng'ombe? Kiinue." Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Narumi alikiinua kiwiko huku machozi yanamtoka, wenzake wakadhani kaonewa. Hakuwaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kumfokea kama mtu anayeishi.

Mlango ukatelezeshwa. Ilinca akaingia, akainama, glavu kaifunga kwenye kitambaa safi. Papo hapo sauti ya Onodera ikageuka asali: karibu, pole na baridi, ngoja niweke chai. Narumi akaisikia sauti ile, akawakumbuka watu wa kijijini kwake.

"Viatu vyako," akasema.

Ilinca akageuka. Viatu vyake vilikuwa vimetazama ndani, si nje kama vya wenzake.

"Uko hapa tangu Aprili na bado unaviacha hivyo? Kavigeuze. Halafu ndoo ile pale, sugua."

"Narumi, huyu ni mgeni," Onodera alinong'ona.

"Ndiyo kosa letu hilo."

Ilinca akavigeuza viatu. Akaweka glavu sakafuni kando ya ndoo, akapiga magoti, akaanza kusugua. Narumi akamfuata nyuma. Kamua zaidi, mbao zinakunywa maji, zikivimba mwenzako atajikwaa amevuta upinde. Usisukume kwa kifua. Na kiwiko chako, ukivuta kinaanguka, kimeanguka toka majira ya joto, na sisi wote tumekaa tunakuambia hodari. Tulikudanganya. Uso wa Ilinca ulikuwa mwekundu, lakini mikono haikusimama.

"Sasa sikiliza," Narumi alisema, akachuchumaa mbele yake. "Ukibaki mgeni, siku yako ya shabaha ipo, na picha utapata. Ukiwa wetu, wewe ni mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza hagusi shabaha. Machi utaondoka hujaipiga. Mimi sitakupunguzia."

Ilinca akatazama upande wa ukumbi ulio wazi, ng'ambo ya uwanja wa nyasi, shabaha nyeupe zilikokuwa zimepangwa kwenye ukuta wa mchanga.

"Bibi yangu kila akipiga simu anauliza kama nimeshaipiga," akasema. "Hata mara moja, nahodha?"

"Hata mara moja."

Narumi akaona anachomnyima, akaona ni kikubwa, na neno la kulainisha likamfika kwenye ulimi. Akalimeza. Ilinca akachovya kitambaa, akakikamua mpaka tone la mwisho, akainama tena kwenye mbao.

"Glavu haiwekwi chini," Onodera alisema ghafla, kwa ukali hasa, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Samahani, dada," Ilinca alijibu. Akainuka, akaipeleka kwenye rafu ya mwaka wa kwanza, akaibana katikati ya glavu za wenzake.

Simu ya Narumi ikalia. Ni mwenye mgahawa wa tambi anakofanya kibarua: mpishi kaugua, vitunguu havijakatwa, wateja wa jioni wako njiani. Akasema anakuja. Akavaa koti, akainama mlangoni, akatoka.