Maoni ya Watu Juu ya Wimbo wa Saba

Albamu yangu ya kwanza ilikuwa na nyimbo nane, zote sauti yangu na gitaa kavu, bila ngoma wala kinanda. Niliirekodi Singida mjini kwa siku tatu, rafiki mmoja akaipandisha mtandaoni, nami nikarudi kwa mama, Ikungi, kusubiri watu watasema nini.

Walisema. Mwalimu wa kwaya yetu alisikiliza nyimbo mbili akaniuliza, "Sasa hizi ni za Mungu au za dunia?" Vijana wa stendi walisema zinaleta usingizi. Mzee jirani yetu, mwenye mashine ya kukamua alizeti, alisema naimba kama mtu anayeumwa jino, halafu akaomba nimrushie zote kwenye simu. Mtu nisiyemjua aliandika chini ya wimbo wa kwanza: "Kaka, tafuta kazi nyingine." Maneno hayo niliyasoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Uliopendwa ni wimbo wa saba. Niliutunga juu ya mdogo wangu wa kike, aliyefariki kwa uzazi nyumbani kwa mumewe, Mkiwa, miaka sita kabla ya hapo. Mtoto alipona, wa kike. Kwenye wimbo nilieleza jinsi uchungu ulivyomshika tangu asubuhi, na mumewe amekaa mlangoni anaangalia barabara, hanyanyuki. Jina sikutaja. Lakini Mkiwa watu wanajuana.

"Nimelia sokoni mbele za watu," aliandika mama mmoja. Mwingine akaandika, "Huyo mwanaume angekuwa wa kwetu tungemfundisha adabu." Yalikuja maoni mengi ya namna hiyo, na kila moja nililiwekea alama ya moyo.

Mama yangu aliusikiliza karibu kila mchana, akipepeta uwele uani. Siku moja aliniambia, "Umemsemea vizuri mwanangu. Afadhali mtu mmoja amesema." Niliinama nikajifanya nakaza nyuzi za gitaa.

Mwezi wa pili tangu albamu itoke, shemeji yangu alikuja. Anauza asali na vitunguu kando ya barabara pale Mkiwa, mtu wa maneno machache, na tangu msiba alikuwa akimleta mtoto kwa bibi yake kila sikukuu. Safari hii alikuja peke yake. Alivua kofia, akamwamkia mama shikamoo, akakataa kiti.

"Mama, sikuja kugombana," alisema. "Wanawake wanapita mezani kwangu wanaimba. Hayo naweza kuvumilia. Lakini mtoto ameanza shule, na wenzake wanamwimbia. Juzi ameniuliza kwa nini nilimwacha mama yake afe."

Mama aliuweka ungo mapajani.

Shemeji akanigeukia. "Ni kweli nilikaa mlangoni. Nilikuwa nakusubiri wewe. Uliniambia tusiondoke."

Nilijua siku moja atalisema. Asubuhi ile ya uchungu alinipigia mara tano. Kijiji kizima hakukupatikana usafiri, na mimi nilikuwa na pikipiki, Itigi, kwenye harusi niliyoalikwa kupiga gitaa. Mara ya kwanza nilipokea, nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, msiondoke." Kisha bwana harusi akaomba nyimbo mbili zaidi, watu wakashangilia, nikaweka simu mfukoni. Nilifika Mkiwa saa tisa alasiri. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

"Ulimwambia asiondoke?" mama aliniuliza.

"Nilimwambia, mama."

"Na miaka yote hii ukaniacha nimchukie mtoto wa watu?"

Shemeji alivaa kofia yake akaondoka bila kunywa hata maji.

Siku ileile niliutoa wimbo mtandaoni. Haikusaidia. Ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, unapigwa kwenye mabasi na kwenye saluni. Nikaandika maelezo kwamba mwenye kosa ni mimi. Wengine walinisifu kwa unyenyekevu, wengine wakaniambia nisimtetee muuaji. Mmoja aliandika kwamba mkanganyiko ule ungefaa kuwa albamu ya pili.

Kabla ya mavuno shemeji alihama na mtoto. Nilikwenda Mkiwa nikakuta nyumba imefungwa. Jirani alisema wamepanda treni Itigi kuelekea Tabora, ila hakuwa na hakika. Namba ya shemeji haipatikani. Mama alikuwa amemshonea mjukuu sweta la shule, bado liko kwenye sanduku lake.

Mama hunipikia na kuitikia salamu yangu. Hajaniuliza tena habari za muziki. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alinisimamisha barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema wimbo wa saba ulimsaidia alipofiwa na binti yake, na kwamba Mungu anibariki. Nilimshukuru.