Tangi Lililokatazwa Kung'aa

Kwa miaka thelathini na minane nimeitwa Kioo, nami sikuwahi kulikana jina hilo. Mwenye pikipiki iliyotoka mikononi mwangu aliweza kunyoa ndevu mbele ya tangi lake. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, kama afanyavyo mtu mwenye jambo moja tu analoliweza.

Mwaka huu binti yangu, ambaye ndiye anayeendesha karakana tangu magoti yangu yaanze kulalamika, aliuona mkono wangu ukitetemeka. Akasema kwa adabu iliyonichoma, "Baba, si ungekaa kitini ukawa unapokea wateja?"

"Kiti ni cha wagonjwa."

"Haya, tuelewane. Kuna pikipiki ya mpima ardhi. Ikitoka vizuri, bomba la kupulizia rangi linabaki kwako. Ikiharibika, unakaa."

Mpima ardhi huyo hushinda juani, na mng'ao wa tangi ulikuwa ukimchoma macho. "Fundi, nataka liwe kama ubao wa darasani," aliniambia. Nilimtazama kama mtu aliyeniomba chai isiyo na maji.

Kazi yote ilikuwa katika klia, yaani ule mpako wa mwisho usio na rangi unaoifunika rangi yenyewe. Klia niliyoizoea hung'aa. Hii ina unga wa kufifisha mng'ao, nao hulala chini kabisa ndani ya kopo.

"Ikoroge mpaka chini, taratibu," binti yangu alisema. "Na ikishakauka usiiguse. Hii haipigwi msasa wala polishi."

"Mwanangu, umezaliwa nimeshika bomba."

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Hapo ndipo nilipoanza kujitilia shaka. Miaka yote hiyo, vumbi likinasa nililiondoa kwa msasa laini. Rangi ikichuruzika, msasa tena. Kisha polishi ikafuta ushahidi. Nilijiita stadi, kumbe nilikuwa mtu wa kusamehewa. Klia hii haisamehe.

Nikaimwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Nikakoroga huku nikihesabu hadi mia tatu, nikachuja kwa kitambaa, nikapuliza mipako myembamba kutoka umbali wa shibiri moja, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Mpako wa pili niliuanza baada ya wa kwanza kupoteza umajimaji. Mkono haukutetemeka. Baada ya saa chache mng'ao ulififia kutoka kingoni kuelekea katikati, ukaacha weusi uliotulia, sawasawa pote.

Binti yangu alilimulika tangi kwa tochi kutoka ubavuni, akalizunguka mara mbili. "Safi, Baba," alisema hatimaye, akaenda kununua msasa.

Nikabaki peke yangu na ushindi wangu. Nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia mama yake nitakapofika nyumbani, nao mkono, bila kuniomba ruhusa, ukachukua kitambaa, ukachovya katika polishi, ukaanza kuzunguka. Nilipozinduka, kiraka cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kikimeremeta juu ya tangi, na ndani yake alikuwamo mzee mmoja aliyeachama kinywa.

Nilikisugua kwa kipande cha msasa kilichosalia. Kikapata mikwaruzo. Nikakifunika kwa kofia yangu.

"Kofia inafanya nini hapo?" binti yangu aliuliza aliporudi.

"Inapumzika."

Akaiinua. Akainama, akakinusa kiraka.

"Umepiga polishi."

"Mkono ndio uliopiga."

"Mkono wa nani?"

Nililiweka bomba mezani, nikaenda kukaa kwenye kile kiti.

"Inuka, Baba. Hapa hakuna kiraka cha kuziba, mpaka wake utaonekana. Tangi zima linaanza upya."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya kupuliza. Kupuliza umenishinda hata mimi. Bomba ni lako. Polishi ni yangu."

Akayafungia makopo yote ya polishi kabatini, pamoja na vitambaa, ufunguo akautia mfukoni. Nilipomaliza kupuliza mara ya pili, alinivusha barabara kama mtoto, akanikabidhi kwa fundi viatu wa upande wa pili. Alimwagiza asiniruhusu kurudi kabla mwenye pikipiki hajaichukua.

"Mzee Kioo, umefukuzwa?" fundi viatu aliuliza.

"Nasubiri likauke."

Kesho yake nilipelekwa huko tena. Mpima ardhi alifika saa nne. Akaitoa pikipiki nje juani, akainamisha kichwa huku na huku, akapitisha kiganja juu ya tangi. "Haling'ai hata kidogo, Fundi," alinipazia sauti kutoka ng'ambo.

Nilimshukuru kwa kutikisa kichwa. Mikono haikuwa na nafasi: nilikuwa nikisugua jozi ya tatu ya viatu vya watu, na kile cha kushoto kilikuwa kimeanza kunionyesha uso wangu.