Nilimfundisha Kaka Yangu Kunyamaza

Kosa ni langu, na sitafuti wa kugawana naye. Mkiniita mpumbavu, nina shahada ya kuwapinga, na hiyo shahada ndiyo iliyoniponza.

Kaka yangu Mutuma, mkulima wa miraa huko Laare, alipasuliwa kifua akatengenezwa moyo. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu Embu, karibu na kliniki. Muuguzi alitupa vidonge vya maumivu na mto mdogo. Ameze dawa kwa saa zake, alisema, asingoje uchungu uzidi, kisha aukumbatie mto kifuani akohoe kwa nguvu, makohozi yasije yakajaa mapafuni.

Mimi nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba vidonge vile huzoeleka, mtu akashindwa kuviacha. Nilisoma nusu ukurasa, jamani!

Kaka alipoguna, nikamcheka. Tulitahiriwa pamoja, asubuhi moja ya baridi.

"Ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho," nikamwambia. "Leo unalilia mshono?"

"Profesa, hiki kisu si kile."

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Kwetu mwanamume akikumbushwa siku ile, hana pa kurudi. Hakuguna tena. Vidonge akavirudisha koponi. Kukohoa kulimchana kifua, basi akaacha pia, akawa anapumua juujuu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Nyumba ikatulia. Nami nikajipongeza! Nilikaa sebuleni nikiandika makala kuhusu ujasiri, huku chumba cha pili ujasiri ukimjaa kaka yangu mapafuni.

Mkewe, Kanana, alikuja kumwona. Alimgusa mgongo, akauacha mkono wake pale kwa muda. Mgongo ulikuwa moto.

"Shemeji, huyu alikohoa lini mara ya mwisho?"

Nikamjibu kwamba alikuwa anavumilia.

"Nani alimwambia avumilie?"

Sasa ninaandika kwenye benchi la hospitali. Kaka anapumua kwa mashine. Daktari ametaja nimonia, akataja na neno "tungoje", na hakusema tunangoja nini. Kanana ameketi upande ule wa benchi. Haniiti shemeji tena. Haniiti chochote.

Ule mto mdogo uko mapajani mwangu, bado mpya.

Nyinyi mnaouguza, mgonjwa akilalamika, mpeni dawa yake kama alivyoandikiwa, na mshukuru kwamba bado analalamika. Siku atakayotulia ghafla, msijipongeze. Nendeni mkamguse mgongo.