Mawe ya ukuta wa mama niliyoyatia kwenye tangi la samaki

Wakuu, heshima zenu. Wa asubuhi sabalkheri, wa jioni masalkheri.

Hii ninayoileta hapa ni yangu mwenyewe, sijaitia chumvi. Kama ndani yake kuna mtu anaonekana mpumbavu, jueni nimemwacha vile alivyo. Mpumbavu wa kwanza ni mimi. Wa pili nitamfikia, na huyo sina huruma naye.

Mimi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nakaa Ganjoni, flati ya orofa ya tatu, na mke na watoto. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mgonjwa wa haya matangi ya samaki yenye mimea hai ndani, yale unapanga mawe, mchanga na majani mpaka pakafanana na bonde la mto; wenyewe tunaita aquascaping.

Anayeona huu ni mchezo wa watoto aishie hapa hapa. Wengine tuendelee.

Mama yangu amekaa Mji wa Kale tangu aolewe. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, madirisha madogo, majirani wa kupigana nao na kupatana nao siku hiyo hiyo. Mwaka huu ukuta wa nyuma ukapasuka. Si ufa wa kuziba kwa simenti, ni ufa wa kutia mkono. Fundi akasema ukuta ushuke wote, upangwe upya kwa mawe yale yale.

Kwa hiyo mama akaja kwetu Ganjoni, "kwa siku mbili tatu".

Wakuu, mama hakukaa. Alikuwepo, lakini hakukaa. Kila asubuhi akimaliza chai anachukua kiti, anakiweka karibu na mlango, mkoba mapajani, buibui mkononi. Nikitoka kwenda kazini ananiuliza, "Ukuta ushafika wapi?" Nikirudi ananiuliza hilo hilo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo uozo ulipo.

Mimi sikutaka arudi. Niliogopa. Ngazi za nyumba ile ni za kupanda kwa mikono na magoti, na yeye goti moja halikunji. Badala ya kumwambia hivyo uso kwa uso kama mtu mzima, nilimwambia fundi asiharakishe. Nikaamua kumzoesha Ganjoni polepole. Na nikajiona mwerevu, nikasema nitaupeleka Mji wa Kale kwa mama badala ya kumpeleka mama Mji wa Kale.

Nitamtengenezea tangi, kwa mawe ya ukuta wake mwenyewe.

Nikafunga safari kwenda kuchagua mawe. Fundi anaitwa Nyawa, Mduruma wa Mazeras, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa vumbi jeupe. Nikaanza kupindua mawe nikitafuta yenye matundu mazuri na sura. Akasimama kuniangalia.

"Wayapeleka wapi, Bwana Salim?"

"Nayatia kwenye tangi la samaki."

"Samaki wa bahari ama wa maji matamu?"

"Maji matamu."

"Basi siyo haya," akasema. "Jiwe hili ni chokaa ambayo haijachomwa. Likamulie ndimu uone. Ukitaka mawe ya kutia majini nikuletee ya kwetu Mazeras, yale hata uyachemshe hayatoi kitu."

Nilicheka, tena si kidogo. Mimi, mtoto wa Mji wa Kale, babu wa babu yangu kazaliwa ndani ya mawe haya, nifundishwe habari za matumbawe na mtu wa bara aliyeingia mjini kupitia Makupa asubuhi na mwiko mkononi? Nikamwambia, "Fundi, wewe shughulika na ukuta." Akasema haya, akarudi kwenye ukuta.

Hakukasirika, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma.

Niliondoka na mawe saba kwenye tuktuk. Dereva akaniuliza kama najenga. Nikamwambia nasanifu. Naam, nilitamka neno hilo kwa mdomo wangu.

Sasa tuingie kwa mpumbavu wa pili. Kuna kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wa matangi, na humo kuna mtu anayejiita Profesa. Hakuna aliyewahi kuliona tangi lake. Picha anazotuma zote zina maandishi ya nchi za watu pembeni. Lakini ukiuliza swali dogo, anakurushia sauti ya dakika tano, na kila sentensi ina neno la Kijapani.

Nikamtumia picha za mawe. Akapandwa na wazimu wa furaha. Akasema ni mawe ya daraja la juu, wenzetu ng'ambo huyanunua kwa kilo, sisi tunayajengea. Kila jiwe akalipa cheo. Kubwa ndilo baba, linalofuata ndilo msaidizi, madogo ni wafuasi. Kubwa lisikae katikati, liegemee upande mmoja kama linaloinamishwa na mkondo. Hesabu iwe witiri, tatu, tano au saba. Mchanga upande kuelekea nyuma ili macho yadanganyike kwamba pana umbali.

Jiwe alilolipa jina la Kijapani kwa heshima zote hizo lilitoka ule upande wa ukuta ulio chooni kwa mama.

Nilimwambia kuhusu ndimu ya fundi. Akatuma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, kisha akaandika: "Fundi wa zege na aquascaping wapi na wapi?" Kikundi kizima kikacheka. Na mimi nikacheka nao, nisionekane mshamba.

Nilifanya kazi ile siku tatu. Nilisugua mawe kwa brashi mpaka vidole vikachubuka. Nikayapanga, nikayapangua. Nikatandaza mchanga mweusi, nikapanda majani mafupi ya kutambaa kama zulia, nikafunga ukoka wa majini kwenye matundu ya mawe kwa uzi. Maji ya bomba la kwetu ni makali, yamejaa chokaa, birika ni shahidi, kwa hiyo nilinunua maji ya kunywa ya madumu, nikayapandisha orofa ya tatu dumu baada ya dumu. Yote hayo samaki wapate maji laini. Kisha nikayatia mawe ya chokaa ndani yake.

Hebu someni tena sentensi hizo mbili za mwisho mnicheke vizuri.

Samaki walikuwa wale wadogo wenye mstari wa buluu na mwekundu, kumi na wawili. Ni samaki wa maji laini kama ya mvua, yakiwa makali kidogo tu wanalalamika.

Siku ya kwanza mama alikuja kuangalia kwa ajili ya adabu tu. Akainama, akavaa miwani.

"Jiwe hili nalijua," akasema. "Si la chooni hili?"

Mke wangu akakimbilia jikoni kwenda kuchekea huko.

Lakini kesho yake, wakuu, kiti kilihama. Mama alikiondoa mlangoni akakiweka mbele ya tangi. Mkoba ukaingia chumbani. Akaanza kuwapa samaki majina ya majirani zake. Aliyekuwa hatulii pahali pamoja akamwita Bi Rukia, jirani wa mlango wa pili. Mnene kidogo akampa jina la muuza mbaazi. Akawa anawasema: "Mtizame Bi Rukia, ashatoka tena, nyumbani hakukaliki!"

Nikajiona nimeshinda. Nikampigia fundi nikamwambia ukuta hauna haraka kabisa.

Mambo yalikwenda vizuri wiki mbili.

Wiki ya tatu zulia la majani likaanza kuwa manjano. Machipukizi yakatoka yamejikunja, madogo. Kwenye kioo, pale maji yanapoishia, ukatokea mstari mweupe kama wa birika. Nikapima maji kwa zile karatasi za kubadilika rangi. Zikaonyesha maji makali kuliko hata ya bomba.

Profesa akasema karatasi zimepitwa na wakati. Akasema niongeze mbolea. Nikaongeza. Akasema nibadilishe taa. Nikabadilisha. Akasema nipulize zaidi ile gesi ya kulisha mimea. Nikapuliza. Mwisho akasema labda nyumba yangu ina kelele, samaki wana msongo. Msongo! Mtu mzima na akili zake anasema samaki wa Ganjoni ana msongo, na mtu mzima mwingine na akili zake anakwenda kupunguza sauti ya televisheni.

Huyo wa televisheni ni mimi.

Wakaanza kufa. Mmoja, kisha wawili, kisha wengine wanne. Siku moja narudi kutoka kazini namkuta mama amesimama, kidole kwenye kioo.

"Bi Rukia yuwafa," akasema.

Samaki alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe kubwa, anapumua kwa shida. Kabla ya magharibi akawa amekwisha. Mama akachukua simu akampigia Bi Rukia wa kweli, akamuuliza kama yu mzima. Walizungumza muda mrefu. Nilimsikia akisema, "Sijui lini, Rukia. Ukuta hauishi."

Kesho yake kiti kilirudi mlangoni. Mkoba mapajani.

Hakuniuliza ukuta umefika wapi. Aliacha kuuliza, na hapo nikaogopa kweli kweli.

Siku hiyo nikapitia sokoni Marikiti, nikanunua ndimu, nikaenda kwa fundi Nyawa. Hakusema "nilikwambia". Alichukua ndimu, akaikata kwa ukingo wa mwiko, akaikamulia jiwe. Jiwe likatoa povu likichemka, chh, mbele ya macho yangu.

"Tindikali ya ndimu yalila jiwe," akasema. "Maji yako pia yalila, ila polepole. Chokaa yote yaingia kwa samaki wako."

Wakuu, nimekulia kwenye nyumba iliyopakwa chokaa kila Idi inapokaribia. Marehemu baba alinisimulia walivyokuwa wakichoma matumbawe kwenye tanuri mpaka yanakuwa unga. Nilijua jiwe linatoa chokaa kama ninavyojua jina langu. Lakini lilipopewa jina la Kijapani nikasahau linatoka wapi. Aliyenikumbusha nilimcheka kwa sababu anatoka Mazeras.

Kisha fundi akasema la pili.

"Na yale mawe saba nayataka. Ukuta una mapengo. Umesimama kimo cha kiuno tangu uniambie nisiharakishe."

Akanipa mawe ya kwao kwenye gunia, ya rangi ya udongo, mapana, yana mistari mizuri. Alikuwa ameyaleta siku nyingi, akayaweka pembeni akiningoja.

Nyumbani nikakunja mikono ya shati nikaanza kutoa mawe ya matumbawe moja moja. Mama akageuza kiti.

"Wayatoleani?"

Nikamweleza habari ya ndimu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mtoto wa mjini hajui chokaa! Salim! Hata kuku wa mjini ajua chokaa!"

Nilistahili. Nikamwacha acheke.

Alipomaliza akafuta macho, akaniangalia.

"Na ukuta?"

Ningeweza kudanganya tena. Mikono yangu ilikuwa majini mpaka kwenye kiwiko, jiwe la chooni nimelishika, na mbele yangu wamebaki samaki wanne. Nikamwambia ukweli. Kwamba nilimzuia fundi. Kwamba naogopa zile ngazi. Kwamba lile tangi lilikuwa hongo.

Akavaa miwani tena.

"Samaki hukuwauliza," akasema. "Mawe nayo hukuyauliza, haya, mawe hayana mdomo. Na mimi je, Salim? Mimi nina mdomo."

Niliona haya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

"Yarudishe mawe yangu," akasema. Akaenda chumbani kufunga mizigo, na ukuta uko kiunoni bado.

Fundi Nyawa aliumaliza ndani ya wiki mbili. Ngazini tumeweka mbao ya kushikia, na chumba cha mama kimeshuka orofa ya chini. Haya tuliyapanga mimi na mama tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mazungumzo ya nusu saa tu. Nusu saa niliyoikimbia kwa tangi, taa, gesi na madumu.

Siku aliyorudi, Bi Rukia alikuwa mlangoni tayari, anamsema kwa kuchelewa. Mama akampita, akaenda moja kwa moja nyuma. Akapapasa ukuta mpya taratibu, jiwe kwa jiwe, mpaka akafika kwenye moja akasimama. Akalinusa.

"Hili bado lanuka samaki," akasema, na hakuondoa mkono.

Basi wakuu, funzo. Jiwe usilolijua likamulie ndimu kabla hujalitia majini. Likitoa povu, acha. Fundi akikwambia neno, msikilize kwanza, umcheke baadaye ukiweza. Na mzazi wako ukitaka kujua anataka kukaa wapi, muulize. Hana haja ya kupimwa kwa karatasi.

Tangi langu sasa lina mawe ya Mazeras. Wale samaki wanne wazima, zulia linarudi kijani. Nilituma picha kwenye kikundi. Profesa akasema mawe hayo hayana hadhi, kisha akaniuliza nimeyapata wapi.

Sijamjibu. Nyinyi mnaonaje, nimwambie au nimpelekee ndimu?

Uwanja wenu, mwenye kunicheka acheke, lakini aanze kwa kutuambia naye alimficha nini mama yake.