Visanduku Visivyo na Majina

"Sehemu ya kuandika. Tupu," ilisema sauti ya kompyuta. Dada yangu mkubwa akasogea mbele. "Sehemu ya kuandika. Tupu."

"Ya kuandika nini?" akaiuliza kwa hasira.

Dada yangu, ambaye namwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, haoni. Kompyuta humsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, naye huchapa haraka kuliko mimi ninayetunga riwaya. Siku ile, katika chumba cha kuchapia karibu na soko la Kasongo, alikuwa akiomba nafasi ya ualimu Kabambare. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa jioni hiyohiyo.

"Yaya, acha nikujazie."

"Soma mustari ya mwisho."

Nikasoma: *Nathibitisha kwamba nimejaza fomu hii mimi mwenyewe.*

"Unataka nianze kazi na uongo?"

Nje, jenereta ikakohoa. Mwenye chumba akachungulia. "Kaka, mafuta iko inaisha! Unatunga riwaya ingine mu fomu ya watu?"

Nikafungua msimbo wa fomu, yale maandishi ya ndani yanayoichora kwenye skrini, ambayo mtu anaweza kuyabadilisha kwenye kompyuta anayoitumia. Kwa macho yangu kila kisanduku kilikuwa na maneno kando yake: jina, shule, lugha. Lakini ndani, maneno hayo hayakuwa yameunganishwa na visanduku, ndiyo maana sauti haikuyasoma. Nikaanza kuvipa visanduku majina, kimoja kimoja. Taa ikafifia. Ikarudi.

"Jaribu sasa."

"Jina la ukoo. Sehemu ya kuandika." Yaya akacheka, akaanza kuchapa. Mimi nikaikalia mikono yangu.

Alipobonyeza kitufe cha kutuma, sauti ilinyamaza kimya.

"Imeenda?"

"Bado. Kuna mahali wameweka rangi nyekundu."

"Nyekundu! Na mimi niifanyie nini?"

Nikaongeza neno moja kwenye majina ya visanduku visivyoruhusiwa kuachwa tupu: lazima. Akarudi nyuma akisikiliza, mpaka akasikia, "Lugha unazofundishia. Lazima. Tupu." Akaandika Kifaransa, Kiswahili, Kibangubangu.

"Inazimika!" mwenye chumba akapiga kelele.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

"Mudogo wangu, toa mukono," Yaya akasema bila kugeuka; alikuwa amesikia kiti changu kikilia. Nikautoa. Akakitafuta kitufe polepole, akasubiri kitamkwe, akabonyeza.

"Fomu imetumwa," ilisema sauti. Punde feni, taa na skrini vikafa pamoja.

"Riwaya imeisha?" mwenye chumba akauliza mlangoni.

"Muulize aliyeiandika," nikamjibu.