Kukasirika kwa Kiasi

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba alipoanza kusoma shuleni maadili ya Wagiriki wa kale. Jioni alinieleza masomo yake jikoni kwetu, Acocks Green, huku ughaibuni, yeye kwa Kiingereza, mimi nikimjibu kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu mama yake afariki. Kwa Wagiriki hao, alisema, wema hukaa katikati. Ujasiri uko kati ya woga na ujuba. Hasira nayo ina katikati yake.

"Hasira ni dhambi," nikamwambia.

"Si kila mara, Baba. Mtu asiyekasirika hata panapostahili, walimwona mpumbavu."

Nilicheka, nikachukua begi langu nikaenda zamu hospitalini. Sikumwambia kwamba hasira ya baba yangu ilivunja viti, na mara moja ikavunja mkono wa mama. Niliondoka nyumbani nikiwa nimeapa kuwa mimi sitakasirika kamwe. Kanisani waliniita mpole, nami nikalipenda jina hilo.

Jumapili moja, baada ya ibada kule Lozells, tulikuwa tukinywa chai ukumbini. Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzangu, alimsalimu binti yangu kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kiingereza, kwa heshima. Mzee akawageukia watu.

"Hawa watoto wa huku ni kama mbwa wa mzungu. Anaelewa kila kitu, ila kujibu hawezi!"

Watu wakacheka. Nami nikatabasamu, nikaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Ndani ya basi binti yangu alitazama dirishani. Tulipokaribia mjini ndipo aliposema, "Ulitabasamu, Baba."

Siku mbili sikula vizuri. Jumanne nikaketi na simu nikamwandikia mzee ujumbe mrefu. Nilimwita mnafiki. Nilimtajia mambo ya miaka mitano iliyopita, hata yasiyonihusu. Nikaitazama mikono yangu juu ya simu, nikaiona mikono ya baba yangu. Badala ya kuutuma, nikampa binti yangu asome.

Alisoma mpaka mwisho. "Sasa umevuka mpaka upande wa pili," akasema. "Umkasirikie anayestahili, kwa jambo lenyewe, kwa kiasi chake. Hayo mengine ya nini?"

Nikaufuta. Ila jambo lenyewe sikuliacha. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mzee. Alinifungulia mlango akiwa amefunga aproni, mikono ina unga wa chapati.

"Karibu, ndugu yangu! Kuna nini?"

"Mzee, nimekuja nikiwa na hasira," nikasema nikiwa bado mlangoni. "Ulimwita binti yangu mbwa mbele za watu. Ulikosea. Mimi pia nilikosea kunyamaza. Nakuheshimu, lakini neno lile sitalikubali."

Nilingoja. Mwili mzima ulikuwa umejikaza, kama nilivyokuwa nikijikaza utotoni nikisikia hatua za baba. Mzee aliifuta mikono polepole kwenye aproni.

"Sikujua kwamba wewe hukasirika," akasema.

"Hata mimi sikujua."

Akanivuta ndani. Aliniambia wajukuu wake wanaishi Sutton Coldfield, safari ya treni moja tu, na wakija hukaa naye kama watu wanaongoja daktari, maana Kiswahili hawakijui. "Uchungu wangu nikaumwagia mtoto wa mwenzangu. Nisamehe. Naye nitamwomba msamaha palepale nilipomtukania."

Jumapili iliyofuata alifanya hivyo. Aligonga kikombe kwa kijiko, ukumbi ukatulia, akasema amemkosea binti huyu na anajuta. Binti yangu alimshika mkono, akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba yamekwisha. Mzee akaitikia kwa kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipotoka nje kulikuwa na manyunyu. Binti yangu akapitisha mkono wake kwenye kwapa langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mkubwa, tukaenda hivyo mpaka kituo cha basi. Nilipofika nyumbani nilikula sahani mbili za wali, nikalala kochini na viatu miguuni mpaka saa kumi na moja.